Mtu Aliyetembea kama Mjomba

Juzi, baada ya sala ya Ijumaa, imamu wetu alituzuia tusiondoke. Alisema kuna kijana wa mtaani kwetu aliyekwenda mbali kutafuta maisha, akafia huko na kuzikwa huko, na wazazi wake wanaomba asaliwe sala ya ghaibu. Tukasimama sisi wanawake nyuma ya pazia letu, takbira nne, bila rukuu wala sijida, na kule mbele ya imamu hapakuwa na jeneza. Palikuwa na mkeka mtupu. Wenzangu walilia. Machozi yangu nayo yalikuja, lakini yalikuja na harufu ya karanga za kukaanga na moshi wa sigara, harufu isiyo na kazi msikitini, nikamwomba Mungu anisamehe, kwa kuwa nilijua inatoka wapi. Ilitoka katika jumba la sinema la Mtwara, ambalo siku hizi ni ghala, nilikokuwa nikienda utotoni kutazama picha za kauboi.

Wenzangu wa rika langu hawatanishangaa. Hata ninyi mliokuwa mkikaririshwa juzuu ya Amma asubuhi, jioni mlikimbizana vichochoroni na bunduki za vijiti vya muhogo, mmoja kauboi, mwingine Mhindi Mwekundu, na hakuna aliyekubali kufa. Mimi nilizipenda picha zile kuliko pilau ya Idi. Niliipenda nchi ile pana isiyokuwa na mnazi hata mmoja. Niliwapenda farasi walioonekana kuelewa wanachoambiwa. Nilipenda pale mtaa unapokuwa kimya ghafla, kina mama wakivuta watoto ndani na kufunga madirisha, na mtu mmoja anabaki katikati ya vumbi, mikono ikining'inia karibu na kiuno. Kiingereza hatukukijua. Benchi la mbele kabisa alikaa kijana mmoja aliyesoma hadi darasa la nane, akitufasiria kwa sauti, na leo nikikumbuka naona wazi kwamba alikuwa akitunga.

"Anamwambia, wee mwizi, rudisha ng'ombe wa mama yangu!"

Na ukumbi mzima unaitikia: "Rudisha!"

Aliyenipeleka huko ni Mjomba Salumu. Kwetu sisi watu wa kusini mjomba ana uzito wake. Baba anakulisha na kukuvika, lakini ukiugua anaitwa mjomba, ukiposwa anaulizwa mjomba, na ukikosa, yeye ndiye anayesikiliza kesi yako. Mjomba Salumu alikuwa ndugu pekee wa mama yangu na mtoto pekee wa kiume wa Bibi. Tuliishi wote Mikindani, katika nyumba ya mawe ya Bibi iliyokuwa na baraza mbele na mlimao uani. Mjomba alifanya kazi bandarini Mtwara ya kupakia magunia ya korosho melini, na kwa kuwa miaka yote alibeba begani upande wa kushoto, bega hilo lilishuka likawa chini ya mwenzake. Alipotembea, mwili wake ulilalia kushoto kidogo kila hatua, kama mtu anayetaka kumnong'oneza jambo mtu mfupi. Ungemjua kutoka mwisho wa mtaa, hata akiwa amekupa mgongo.

Wenzake bandarini walimwita Kauboi. Alikuwa amemwomba bibi mmoja msusi amsukie kofia pana ya ukindu, halafu akazikunja kingo zake mwenyewe, akazifunga kwa kamba na kuianika juani siku kadhaa mpaka ikakubali kusimama kama zile za kwenye picha. Jumapili mchana alinipakia mbele ya baiskeli, tukaenda Mtwara. Wakati wa kurudi, tulipofika kwenye mteremko wa kuingia Mikindani, aliachia breki na kupiga kelele za kuswaga farasi, nami nikafumba macho na kupiga kelele naye.

Bibi hakupenda.

"Salumu, mtoto wa kike unamfundisha nini na mabunduki hayo?"

"Namfundisha ujasiri, mama."

"Ujasiri wa kuchambua mchele?"

"Mchele nao una mawe, mama. Tena mchele unaopika wewe!"

Bibi alijitahidi asicheke, akashindwa. Kisha akanigeukia mimi. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wa pwani wanavyowaita wajukuu zao wa kike. "Mke mwenzangu, njoo huku unawe miguu. Umerudi na vumbi la makafiri."

Lazima nieleze kosa langu la kitoto, maana bila hilo yote yanayofuata hayataeleweka. Kabla ya picha yenyewe kuanza, mnakumbuka, palikuwa na habari. Taa zilizimwa, tukaonyeshwa viongozi wakipeana mikono, watu wakikata mkonge, shule mpya ikifunguliwa. Siku moja tukaonyeshwa bandari yetu ya Mtwara. Na palepale, mkubwa kama nyumba, akatokea jirani yetu wa Mikindani, gunia begani, akicheka na pengo lake. Ukumbi ulilipuka. Watu walimwita kwa jina, wakamwamkia. Kesho yake nilimpita barazani kwake nikamwona yuleyule, na pengo lilelile. Basi nikajua kwamba yanayoonekana pale ni kweli. Na kwa kuwa taa hazikuwashwa kati ya habari na picha, farasi walianza mbio zao palepale aliposimama jirani yetu, mimi nikayachukua yote kuwa habari.

Sasa ni wapi kulikokuwa na Wazungu wenye bunduki, na mto mpana, na watu wanaohama na vyombo vyao wakiwa na watoto migongoni? Kila siku wakubwa walizungumza juu ya mahali pa namna hiyo. Ni ng'ambo ya Ruvuma, kwa Mreno. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijumlisha mwenyewe kwa akili ya miaka yangu minane, nikaona hesabu imekaa sawa, na sikuona haja ya kumuuliza mtu.

Jambo la pili nilifundishwa na Mjomba.

"Yule mwenye kofia nyeusi ndiye steringi?" nilimuuliza siku moja.

"Huyo? Huyo atakufa sasa hivi, wala usimzoee. Steringi ni huyu hapa, aliyekonda."

"Naye hatakufa?"

"Steringi hafi, mama. Atapigwa, ataanguka, farasi atamkimbia. Lakini mwisho utamwona anaondoka zake, ametupa mgongo."

"Anakwenda wapi?"

"Kwa watu wake. Atakwenda wapi tena?"

Mjomba alikuwa ameoa mwaka uliotangulia. Mkewe, Zaituni, alikuwa bado msichana, nami nilimwita dada. Watu wake walikuwa ng'ambo. Siku zile watu walivuka Ruvuma kama unavyovuka uwanja kwenda kuomba chumvi: huku shangazi, kule shamba, huku mkwe, kule kaburi la babu. Zaituni alipokaribia kujifungua alirudi kwa mama yake, kwa kuwa mimba ya kwanza mtu huenda kujifungulia kwao, na hakuna mume wa kwetu angethubutu kuizuia desturi hiyo. Mjomba alimsindikiza hadi Kitaya, akamwona akivuka, akarudi. Haukupita muda, vita vya wale waliotaka kumwondoa Mreno vikafika sehemu zile, mto ukawekewa askari, na watu wakaanza kuja Kitaya na magodoro vichwani. Zaituni hakuwa miongoni mwao. Wala habari yake.

Mjomba alingoja akachoka. Asubuhi moja akaiweka kofia yake kichwani kwangu, ikanishuka mpaka puani.

"Nitunzie. Isilowe, isikaliwe."

"Unakwenda wapi?"

"Kumfuata dada yako na mtoto."

Bibi alikuwa mlangoni, ameshika kikombe cha uji ambacho Mjomba hakukimaliza. "Salumu," alisema, "mke hurudi mwenyewe. Mto huo una watu wabaya."

"Mama, mtoto wangu amezaliwa huko na mimi sijamwadhinia sikioni."

Kumwadhinia mtoto ni haki ya mtoto. Mimi nilianza kulia, naye akachuchumaa mbele yangu, akainua ukingo wa kofia ili tuonane. "Wewe nawe. Nimekufundisha nini? Steringi hafi." Akaondoka na bega lake la kushoto likishuka na kupanda, mpaka kona ya msikiti. Sikulia tena. Nilikuwa nimepewa neno.

Zaituni alirudi kabla ya korosho kuanza kuanguka. Alikuja na kundi la watu waliovukia juu zaidi, miguu imevimba, mtoto mgongoni. Tulikuwa barazani. Bibi aliinuka kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwake, akampokea mtoto, akamtazama uso, akambusu.

"Nimempa jina lako, mama," Zaituni alisema. "Anaitwa Somoe."

"Mungu amkuze. Mungu amkuze." Bibi alikuwa akitazama nyuma yake, barabarani.

Zaituni akakaa chini, akanyoosha miguu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyefika nyumbani, "Salumu bado hajatoka kazini?"

Tangu hapo nimesikia maneno mengi ya msiba, na Mungu amenipa kusimama karibu na vitanda vingi. Sijasikia swali zito kuliko lile.

Mwenye mtumbwi wa Kitaya aliitwa. Alikuja, akakalishwa, akasema aliyoyaona. Walivuka alfajiri. Karibu na ukingo wa kule risasi zikalia, mtumbwi ukapinduka, yeye akaogelea kurudi. Alimwona Mjomba akipanda ukingo wa ng'ambo na kuingia matetini. Kisha risasi zililia tena, kulekule matetini. Zaidi ya hapo hajui. Na watu wa kijijini kwa kina Zaituni waliovuka pamoja naye walisema hakuna mgeni aliyefika.

Miezi ikapita. Maalimu aliyenisomesha chuoni, mtu mpole, alikuja na wazee wawili kuzungumza na Bibi. Mimi nilikuwa mlangoni na mtoto Somoe kiunoni.

"Bi Somoe," alisema, "huyu binti umemweka kizingitini. Si mke, si mjane. Hawezi kukaa eda, hawezi kuolewa. Na mwanao, kama ametangulia, anangoja dua zetu. Tumsalie sala ya ghaibu, tumsomee hitima. Mungu ndiye ajuaye."

"Umeiona maiti yake, Maalimu?"

"Sikuiona."

"Basi ngoja pamoja nami."

Na aliendelea kungoja. Kila jioni alipakua sahani ya Mjomba, akaifunika kawa. Asubuhi chakula hicho kililiwa na kuku. Machozi hakutoa, maana alisema kumlilia ni kumzika. Zaituni naye hakulia mbele yake, kwa heshima, akawa anakwenda kisimani mara nyingi kuliko maji yaliyohitajika. Nyumba ilikuwa kama mtu aliyebana pumzi. Mimi peke yangu nilikula nikashiba na kucheza, mpaka mama akanambia nina moyo wa jiwe. Walikuwa hawajui ninachokijua. Steringi anapotea katikati ya picha, kila mara. Kofia niliiweka juu ya kabati, haikulowa, haikukaliwa.

Ikaja Idi. Kaka yangu mkubwa, Bakari, alipewa kazi ya kutupeleka watoto Mtwara, na kwa kuwa ilikuwa Idi, mlango wa sinema ulikuwa kama mzinga wa nyuki. Picha ya siku ile sikuwahi kuiona. Ilihusu watu wengi sana wanaohama nchi yao na kwenda mbali, na magari yaliyofunikwa maturubai meupe, yakikokotwa na ng'ombe. Walitembea nchi kavu isiyoisha. Wakafika kwenye mto mpana, wenye visiwa vya mchanga katikati, kama Ruvuma wakati wa kiangazi. Wakaanza kuvuka. Na kando ya gari la mwisho, maji yakimfika magotini, kofia pana kichwani, akatokea mtu anayeongoza jozi ya ng'ombe. Alikuwa ametupa mgongo. Bega la kushoto lilikuwa chini. Kila hatua alilalia kushoto kidogo. Picha ilikuwa ya nyeusi na nyeupe na vumbi lilikuwa limewapaka wote rangi moja, hukuweza kujua nani mweupe na nani mweusi. Akapanda ukingo wa pili, akatokomea pembeni mwa pazia la sinema.

Nilipiga kelele: "Mjomba!" Watu wakacheka, Bakari akanifinya. Sikujali. Picha iliyobaki sikuiona. Nilipofika nyumbani niliwapita wageni wa Idi moja kwa moja mpaka jikoni alikokuwa Bibi.

"Bibi, nimemwona Mjomba. Yuko hai. Anavuka mto."

Alikuwa akimenya vitunguu. Kisu kikasimama.

"Umemwona wapi?"

"Sinema. Kwenye habari za ng'ambo. Ametupa mgongo lakini ndiye, Bibi, wallahi ndiye, anatembea vile vile."

"Usiape. Yuko na nani?"

"Na watu wengi wanaohama. Yeye anaongoza ng'ombe."

Bibi aliniangalia. "Ng'ombe?"

"Ng'ombe, Bibi! Wengi, wanavuta magari."

Aliweka kisu chini, akajifuta macho kwa ukingo wa kanga. Vitunguu, nilidhani. Bakari aliyekuwa amenifuata nyuma alianza kusema, "Bibi, usimsikilize huyu, ile ni..." Bibi akamnyamazisha kwa mkono.

"Picha hiyo wataionyesha tena lini?"

"Jumapili," Bakari alijibu.

"Mtanipeleka."

Mpaka leo watu wa Mikindani waliokuwapo wanaisimulia safari ile. Bibi hakuwahi kukanyaga sinema maishani. Alivaa buibui lake la Ijumaa, akachukua udhu kama anayekwenda msikitini, tukapanda basi la mchana, yeye, Bakari na mimi. Mlangoni alisimama mkata tiketi, mtu mnene mwenye utani.

"Shikamoo, Bibi. Leo kauboi, si ya Kihindi. Nyimbo hamna."

"Marahaba. Nimekuja kutazama, mwanangu, sikuja kucheza."

"Na risasi je? Usije ukatuzimikia humu ndani."

"Risasi zimeshanifikia. Nipishe."

Yule bwana alitabasamu tu, hakuelewa, akatupisha. Tulikaa benchi la kati. Taa zilipozimwa Bibi alisema Bismillahi. Katika habari alitokea kiongozi akitupungia mkono, naye akampungia. Vijana wa nyuma yetu wakafurahi. "Bibi ana watu wakubwa!" Kisha farasi wakaja, na magari yale, na nchi kavu. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, nahesabu picha akilini: bado moto wa usiku, bado mvua, sasa mto.

"Huyo, Bibi! Huyo wa mwisho!"

Bibi akasimama. Alisimama wima kabisa katikati ya ukumbi, na kivuli cha kichwa chake kikaingia chini ya pazia, ndani ya maji ya mto.

"Bibi, kaa, unatuziba!" mmoja alipiga kelele.

"Mwacheni," alisema mwingine, "anataka kuvuka naye."

Watu wakacheka. Hakukaa. Alisimama mpaka yule mtu akapanda ukingo na kutoka pembeni, ndipo akashuka polepole kwenye benchi. Nilimtazama uso kwa mwanga wa pazia nione furaha yake. Alikuwa analia. Analia kimya, mdomo umefumbwa, machozi yakimwagika kama ya mtu aliyekuwa ameyaweka akiba. Nilidhani ni furaha hiyo.

Halafu likaja jambo ambalo siku ya Idi sikuliona, kwa kuwa nilikuwa nimelewa furaha. Upande wa pili wa mto mwanamke mmoja wa msafara alikufa kwa homa. Walichimba kaburi njiani, wakamshusha na shuka. Mwanamume mmoja akavua kofia, akasoma katika kitabu kidogo, wengine wameinamisha vichwa. Kisha wakasawazisha udongo, wala hawakuweka alama, na magari yote, moja baada ya jingine, yakapita juu ya kaburi lile.

"Wanafanya nini?" Bibi alimshika Bakari. "Mbona wanamkanyaga?"

"Wanaficha, Bibi. Ili fisi na maadui wasijue kaburi liko wapi wakalifukua."

"Basi hata mama yake hatalijua."

"Hatalijua."

"Na wale wamemsomea? Hawakuwa ndugu zake, lakini wamemsomea?"

"Wamemsomea, Bibi."

Hata steringi alipowaangusha watu wanne, Bibi alikuwa akitazama mikono yake.

Tuliporudi tulishuka basi juu ya mteremko, kwa sababu Bibi alitaka kutembea. Bakari alitangulia. Maji ya ghuba yalikuwa yanameta chini yetu, na mimi nilikuwa nikirukaruka.

"Umemwona, Bibi? Nilikwambia!"

"Mke mwenzangu," alisema, "njoo hapa." Akanishika bega. "Mimi nimezaliwa Kitaya, ukingoni. Utoto wangu nimechotea maji mto ule. Ng'ambo yake hakuna ng'ombe. Kuna mbung'o, wale nzi wanaouma. Ng'ombe akipelekwa kule hamalizi msimu. Huku kwetu penyewe unawaona wapi?"

Nilisimama. Ndani yangu niliona magari yale yote, turubai kwa turubai, yakiondoka ng'ambo ya Ruvuma na kwenda mahali nisikokujua, na mtu yule akienda nayo.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu uliponiambia, jikoni."

"Sasa kwa nini ulikubali twende?"

"Nilitaka kumwona mtu anayetembea kama yeye."

Hapo ndipo nilipomlilia Mjomba wangu, karibu mwaka mzima baada ya wengine. Bibi alinibeba mgongoni, mzee yule, mpaka nyumbani. Jioni ile hakupakua sahani. Alimwita Zaituni, akamkalisha kando yake, akamwambia, "Mwanangu, lia sasa." Kisha akamtuma Bakari kwa Maalimu: aje kesho. Wakamsalia Mjomba, safu tatu za wanaume na mbele yao mkeka mtupu, na hitima ikasomwa, na Zaituni akaingia eda kama mwanamke mwenye haki ya kuomboleza. Maalimu alipomwuliza Bibi nini kimembadili, alijibu kwamba mwanawe hakukosa mtu wa kumfunika udongo, na kama alikosa watu, hakumkosa Mungu. Nimesoma vitabu vya dini baada ya hapo, na nimesomesha mabinti wengi, alhamdulillahi, lakini somo la subira nililipata kwenye mteremko ule.

Bibi alifariki miaka michache baadaye, Mungu amrehemu. Zaituni aliolewa na fundi seremala wa Mtwara, mtu mwema aliyemlea Somoe kama wake. Mimi nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa, nimeanza kuwasomesha wadogo chuoni, na nilikuwa nimejua zamani kwamba wale wote walikuwa waigizaji. Siku moja Zaituni akaja kwetu na habari: ile picha ya wanaohama imerudi.

"Mpeleke Somoe," aliniambia. "Salumu hakuwahi kupigwa picha hata moja. Mtoto ananiuliza baba yake alikuwaje, nami maneno yameniishia."

Nilimpeleka. Alikuwa na umri uleule niliokuwa nao mimi, na mapajani aliipakata kofia ya ukindu, ambayo mende walikuwa wameitafuna pembeni. Picha ilikuwa imezeeka. Mistari ya mvua ilishuka juu ya kila kitu, na fundi wa mashine alikuwa ameikata na kuiunga mara nyingi, hata watu walikuwa wakiruka kutoka mahali hadi mahali. Nikahofu mto wenyewe umekatwa. Haukukatwa. Magari yakaingia majini, na nyuma yao yeye, na bega lake.

"Huyo," nilinong'ona. "Mtazame anavyotembea."

Somoe aliinama mbele, kofia ameibana kifuani. Mtu yule akapanda ukingo, akatokomea. Nilingojea kaburi, nimeshajiandaa kumziba macho. Halikuja. Kipande kile chote kilikuwa kimekatika na kutupwa, na baada ya mto ilifuata asubuhi, jua na watu wakinywa kahawa.

"Ndivyo alivyokuwa?" Somoe aliuliza.

"Ndivyo."

"Mbona hakugeuka hata mara moja?"

Mwenye mtumbwi wa Kitaya alikuwa amesema alimwona akipanda ukingo, akiingia matetini, akielekea kule kulikokuwa na mtoto ambaye hajaadhiniwa. Nikamwambia lile nililolijua kuwa kweli.

"Alikuwa anawahi kwako."